PCB ya kawaida na ndoto ya MD: mpango wa pili uwe upi?

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu, salaam. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka maswali ni yale yale, basi tuyajibu sehemu moja.

Hoja yangu ni hii. Kijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mwenye DDD, CDD au CCD ana sifa ya kuomba udaktari, yaani MD, lakini sifa ni kitu kimoja na kiti ni kingine. Kima cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa MD ni ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla pointi 6, na hakuna somo kati ya hayo matatu linaloruhusiwa kushuka chini ya D. Hapo umefika mlangoni tu. Ndani chuo kinapanga waombaji kuanzia AAA kushuka chini mpaka viti vinaisha, iwe Muhimbili, Bugando, KCMC, UDOM au Mbeya. Anayeomba MD vyuo vitano kwa pointi 6 na haweki kozi nyingine yoyote anajipeleka nyumbani kwa mwaka mzima.

Mpango wa pili wa maana naona ni mmoja: stashahada ya utabibu (clinical medicine), miaka mitatu, halafu urudi kuomba MD kwa GPA, wastani wa alama zako za stashahada. Anayepinga aje na hesabu.

#2 Mama wa Kibamba

Asante mleta uzi. Naomba kueleweshwa kidogo. Matokeo yanaonyesha division one ya pointi 6, wewe unasema pointi 6 ni mlangoni tu. Sasa division one nayo inakosa?

#3 Kalamu Nyekundu

Mama, hongera kwanza. Hizo ni pointi za aina mbili na ndizo zinazowachanganya wazazi wengi.

NECTA (Baraza la Mitihani) wanahesabu A = 1, B = 2, C = 3, D = 4, E = 5, S = 6, F = 7. Kwao ndogo ndiyo nzuri, na division one ni 3 hadi 9. TCU wanageuza: A = 5, B = 4, C = 3, D = 2, E = 1. Kwao kubwa ndiyo nzuri.

Pointi 6 za NECTA zinaweza kuwa BBB, na hiyo kwa TCU ni pointi 12. Pointi 6 za TCU ni DDD, ambayo kwa NECTA ni 12, division two. Ukipiga simu chuoni ukasema "ana pointi 6" bila kutaja herufi, utajibiwa kuhusu mtoto mwingine kabisa. Taja herufi, somo kwa somo.

#4 Fundi Vipimo

Nakazia #3, ila mleta uzi kaacha mtego mkubwa zaidi. Chukua watoto wawili. Wa kwanza ana CCC. Wa pili ana B ya Kemia, B ya Baiolojia na E ya Fizikia.

NECTA: 3+3+3 = 9, na 2+2+5 = 9. Wote division one.
TCU: 3+3+3 = 9, na 4+4+1 = 9. Sawa tena.

Wa kwanza anaomba MD. Wa pili hawezi kuomba kabisa, kwa sababu ya E ya Fizikia. Hata angekuwa na AAE, division one ya 7, MD imefungwa. Mwenye DDD division two anamzidi sifa. Familia nyingi zinaona "division one" zinatulia, mpaka mfumo wa chuo unapomkataa mtoto na hakuna anayeelewa kwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kujadili mpango wa pili tuulize: huyu kijana amekosa kiti, au amekosa sifa? Dawa zake ni mbili tofauti.

#5 Mgosi wa Tanga

Fundi leo umeamka na kikokotoo mezani. Hesabu yako imenyooka.

#6 Mwalimu wa Zamu

Narudi kwenye hoja ya #1 kuhusu stashahada ya utabibu. Kalamu Nyekundu, umeruka hatua inayowaumiza watu.

Kuingia stashahada hiyo unatumia cheti cha kidato cha NNE, hata kama una cha sita. Wanataka angalau D nne zisizo za masomo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri, si sharti. Sasa nenda kwenye jedwali la MD kwa wenye stashahada: wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, NA uwe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Mnaona tundu? Kijana mwenye F ya Hisabati ya kidato cha nne anapokelewa utabibu vizuri, anasoma miaka mitatu, anapata GPA 4.1, anarudi kuomba MD, anagonga ukuta wa F aliyoipata akiwa na miaka 16. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia pia.

#7 Kalamu Nyekundu

Mwalimu, hapo nakubali, nilipaswa kuanza na hilo. Lakini halizuii njia, linaongeza kazi. Mwenye F ya Hisabati ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, afanye Hisabati peke yake mwezi wa Novemba akiwa bado chuoni. D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Kijana aliyesoma BAM (hisabati tumizi ya kidato cha tano na sita) miaka miwili anaweza kufika hapo kwa miezi mitatu ya jioni. Afanye mwaka wa kwanza wa stashahada, asingoje wa tatu ambako mazoezi ya wodini yanakula muda wote.

#8 Mwalimu wa Zamu

Sawa. Angalizo: usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Anayekumbuka Oktoba amechelewa.

#9 Nyumba ya Pili

Naona mnaipigia debe stashahada, nami niweke hesabu ya miaka.

Njia ya stashahada: 3 ya utabibu + 5 ya MD + 1 ya mafunzo kwa vitendo = 9.
Njia ya kurudia kidato cha sita: 1 + 5 + 1 = 7.

Miaka miwili si midogo. Mwenye BBE aliyetajwa #4 ana tatizo la somo moja tu. Kwa nini umpeleke miaka mitatu wakati anahitaji kuitoa Fizikia kwenye E? E ni 40 hadi 49, D inaanzia 50. Pengine amekosa alama tatu.

#10 Fundi Vipimo

Nyumba ya Pili, kwenye karatasi uko sawa. Kinachoharibu ni mtihani wa vitendo. Mtahiniwa wa kujitegemea naye anakutana na karatasi ya tatu ya Fizikia, na haikaririwi. Swali la umeme linakutaka ushike waya wa mita moja na galvanomita, usogeze kiguso milimita kwa milimita mpaka sindano isimame kwenye sifuri, usome, ubadilishe ukinzani, urudie, halafu uchore grafu na kutafuta mteremko. Swali la joto unakaa na kipimajoto na saa, maji yanapoa, unasoma kila baada ya muda uliopangwa. Ukipitwa na kipimo kimoja, grafu inapinda.

Vituo vingi vya jioni vina ubao, chaki na maswali ya miaka iliyopita. Maabara hakuna. Kijana anarudia mwaka mzima akisoma nadharia aliyokuwa anaijua tayari, na ile karatasi iliyomwangusha anaiona tena siku ya mtihani. Kabla ya kulipa kituo, omba kuona maabara kwa macho, uliza wana galvanomita ngapi na wanafunzi wangapi wanashiriki moja. Wakikwambia vitendo vitaanza Aprili, ondoka, mtihani ni Mei.

#11 Nyumba ya Pili

Hapo umenipata. Basi niiweke hivi: kurudia ni kwa mwenye pengo la somo moja NA mwenye maabara. Aliyepata DDD hata akirudia akapata CDD bado yuko kwenye foleni ile ile.

#12 Binti Malenga

Akirudia somo moja tu, majibu mawili yanaunganishwa?

#13 Nyumba ya Pili

Fomu za vyuo vingi zina nafasi ya kuongeza namba ya mtihani ya pili, ile ya kujitegemea inayoanza na P. Unajaza zote mbili.

#14 Mwalimu wa Zamu

Nafasi ya kujaza ipo, lakini kujaza na kukubaliwa kwa MD ni mambo mawili. Andika barua pepe kwa ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, upate jibu la maandishi KABLA ya kujisajili somo moja. Mimi ningemshauri afanye yote matatu kikao kimoja, awe na cheti kimoja kisichoulizwa swali.

#15 Nyumba ya Pili

Afanye matatu halafu Kemia ishuke? Sikubaliani, mwalimu. Mwenye B ya Kemia aiache ilipo.

#16 Mgosi wa Tanga

Wakuu, mimi nina swali tofauti. Kwa nini kila mwaka kuna mwenye CCC aliyekosa MD na mwenye CCD aliyepata? Tena awamu ile ile ya kwanza.

#17 Kalamu Nyekundu

Mpangilio wa machaguo. Mwenye CCC kaweka vyuo vyenye ushindani mkubwa tu. Mwenye CCD kaweka na vyuo vya binafsi, ambako ada inapunguza foleni.

#18 Shemeji wa Moshi

Mimi naona ni idadi ya viti. Kila programu ina ukomo wake unaoidhinishwa na TCU, na chuo hakiruhusiwi kuuvuka. Chuo hiki kinaishia CCC, kile kinaishia CCD, na mwakani inageuka kutegemea nani kaomba wapi. Ukitumia alama za mwisho za mwaka jana kama ahadi umejidanganya.

#19 Steshenari ya Mtaa

Mmesahau sababu ya tatu, na hiyo naiona kwenye meza kila msimu: namba ya simu.

Vijana wengi dirisha la maombi linapofunguliwa wako JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na kambini simu hazipo. Mzazi anakwenda steshenari, mhudumu anajaza fomu haraka, anaweka namba yake mwenyewe na barua pepe yake ili kazi iende. Kijana anachaguliwa vyuo viwili. TCU wanatuma namba maalum ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, inaingia kwenye simu ya mhudumu aliyekwisha kuhamia mkoa mwingine. Muda wa kuthibitisha unapita, kiti kinarudi kapuni, kinachukuliwa na mwenye CCD awamu ya pili.

Kwa hiyo ukienda steshenari: namba iwe ya mzazi, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, isiwe ya kuazima. Barua pepe ifunguliwe hapo hapo kwa jina la mtoto, neno la siri uandike kwenye daftari nyumbani. Omba kuona ukurasa wa mwisho kabla hajabonyeza kutuma, usome kwa sauti jina, namba ya mtihani na mwaka. Tofauti ya herufi moja kati ya jina la cheti na la kuzaliwa inakusubiri kwenye mkopo pia, maana HESLB (Bodi ya Mikopo) wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa vizazi na vifo.

#20 Mama wa Kibamba

Hili la namba ya siri nimelichukua. Asante sana, mwanangu.

#21 Shemeji wa Moshi

Turudi kwenye mada. Uzi mzima unazungumzia jinsi ya kuirudia MD kwa mlango mwingine, kana kwamba afya yote ni MD. Sikubaliani na neno "mpango wa pili ni mmoja" la #1.

Mwenye BBE ana nafasi nzuri kwenye kozi kadhaa za afya zinazovumilia E ya Fizikia. Hapa Moshi tu, KCMC wana fiziotherapia, optometria, tiba kazi, na kule TATCOT, iliyoanza 1981, wanafundisha kutengeneza viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo dhaifu. Hebu fikiria kazi yenyewe: mguu uliokatwa unafungwa bandeji ya plasta kupata umbo, umbo linajazwa plasta kuwa kielelezo, kinachongwa pale panapobeba uzito na kuongezwa pale mfupa unapochomoza, ndipo plastiki ya moto inafunikwa juu yake. Ukikosea kuchonga kwa milimita chache mgonjwa anapata kidonda. Ni anatomia, fizikia na ufundi wa mikono kwa pamoja. Mwanafunzi wa PCB anayependa kutengeneza vitu hatakuja kuikumbuka MD.

Na kila kada ina baraza lake na leseni yake: wauguzi na wakunga wana lao, wafamasia lao, maabara lao, mionzi lao. Si kazi za kusindikiza daktari.

#22 Mnyalu wa Mafinga

Naunga mkono #21, niongeze SUA Morogoro (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo). Tiba ya mifugo ni miaka mitano, unatoka daktari kamili wa wanyama mwenye baraza lake. Wengi wa PCB hawaiweki hata kama chaguo la mwisho.

#23 Binti Malenga

Lakini si unaweza kuingia uuguzi au maabara, halafu mwaka wa kwanza ukahamia MD? Watu wanashauri hivyo sana.

#24 Mwalimu wa Zamu

Binti, kuhama kozi kupo kisheria, ila soma masharti. Lazima uwe na sifa za kozi unayohamia tangu kuingia, kwa hiyo BBE haihami. Lazima kiti kiwepo, na MD ndiyo ya kwanza kujaa. Na kuna dirisha fupi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Aliyekosa kiti cha MD Agosti kwa DDD, Novemba kiti hicho kitatoka wapi? Ingia uuguzi kwa sababu unautaka uuguzi. Anayeingia akiwa na begi mgongoni anafeli anatomia ya muhula wa kwanza, anapoteza vyote viwili.

#25 Kalamu Nyekundu

Nimewasikia #21 na #22. Bado nasema kwa yule ambaye hataki kitu kingine ila kutibu, tabibu ndiye aliye karibu zaidi: anachukua historia ya mgonjwa, anapima, anaandika dawa, na anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zahanati nyingi vijijini yeye ndiye daktari wanayemjua.

#26 Jirani wa Namanga

Hata huku Kenya ni hivyo hivyo. Diploma ya utabibu ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ni miaka mitatu, na matabibu wana baraza lao wenyewe. Tofauti ni kwamba huku kuna vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya utabibu yenyewe, kwa hivyo mtu anaweza kupanda ngazi bila kuhamia MBChB, shahada yetu ya udaktari, ambayo kwetu ni miaka sita.

#27 Mgosi wa Tanga

Jirani karibu. Na faundesheni ya Chuo Kikuu Huria je? Nasikia ni mwaka mmoja tu.

#28 Fundi Vipimo

Mgosi, faundesheni inamsaidia aliyekosa pointi 4 za kuingia shahada kwa ujumla. Jedwali la MD linataja njia mbili: kidato cha sita, au stashahada ya utabibu. Usilipe ada ya faundesheni ukitegemea udaktari.

Na la nje ya nchi, maana najua linakuja: kabla ya kulipa wakala, pata cheti cha kutokuwa na pingamizi cha TCU, na jua kwamba ukirudi utahakikiwa shahada na kupita kwenye Baraza la Madaktari. Mwenye E ya Fizikia ambaye wakala anamwambia "huko hawaangalii" aulize: na huku nikirudi?

#29 Mwalimu wa Zamu

Kwa wale wa stashahada waliomaliza: chuo kikuu hakikupokei bila AVN, ile namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya stashahada). Inatoka baada ya chuo chako kupeleka matokeo yako. Chuo kikichelewa, awamu ya kwanza inakupita na GPA yako nzuri mkononi. Anza kufuatilia wiki ile matokeo yanapopitishwa, uende kwa msajili mwenyewe, usisubiri tangazo ubaoni. Pia ukague kabla ya kujiunga kwamba chuo NA kozi vyote vimo kwenye mwongozo wa NACTVET wa mwaka huo. Chuo kinaweza kuwa na usajili, kozi ikawa haina ithibati.

#30 Nyumba ya Pili

Mwalimu, ongeza hili: kwenye stashahada ngazi ya 6 A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. GPA 3.0 maana yake kila C inahitaji B+ ya kuifidia. Na 3.0 nayo ni mlangoni tu, kama DDD. Kwa hiyo Kalamu Nyekundu, foleni uliyomkimbiza kijana anaikuta tena miaka mitatu mbele.

#31 Kalamu Nyekundu

Anaikuta akiwa na leseni na kazi. Ndiyo tofauti yangu na wewe.

#32 Nyumba ya Pili

Kazi kama ajira zikitoka.

#33 Mama wa Kibamba

Wanangu, samahani nawakatiza. Nimeangalia tena matokeo kama mlivyonielekeza. Kemia B, Baiolojia A, Fizikia C. Na Hisabati ya kidato cha nne ni C. Yuko JKT, anatoka mwezi ujao.

#34 Fundi Vipimo

Mama, hiyo ni 2+1+3 = 6 ya NECTA, na 4+5+3 = 12 ya TCU. Fizikia imevuka D. MD anaomba bila wasiwasi wa sifa. Weka MD vyuo vitatu vya ushindani tofauti, kimojawapo kiwe nje ya Dar, na kwenye kila chuo jaza pia famasi au kozi ya afya ambayo mwenyewe aliwahi kuitaja. Mpigie kambini kupitia kwa wakufunzi umuulize, asijaziwe.

#35 Steshenari ya Mtaa

Na namba ya simu iwe yako, mama. Hiyo laini usiizime mpaka awe ameripoti chuoni.